Tairi, Ekzosi na Taa za Pikapu Nairobi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wenye pikapu ni yale yale. Tairi mpya zinakwaruza madigadi dereva akikata kona. Ekzosi inavuma ndani ya kabini mpaka abiria wanapaza sauti ili wasikizane. Taa zinang'aa kweli, lakini kila gari linalotoka mbele linawapigia fulu kwa hasira, na polisi wa trafiki hawakawii kuwasimamisha.

Chanzo mara nyingi ni mpangilio wa kazi. Watu huanza na taa kwa sababu ndizo nyepesi kununua, wakaja kwenye ekzosi, kisha tairi pesa ikipatikana. Geuza mpangilio huo: tairi kwanza, ekzosi pili, taa mwisho. Tairi ndizo zinazoamua gari lisimame juu kiasi gani, kwa hiyo zinaamua pia bomba lipite wapi na taa zilenge wapi. Halafu ekzosi huchomelewa kwa umeme, na umeme huo unaweza kuunguza vifaa vya taa ulivyofunga juzi.

Mwongozo huu unafaa Hilux, D-Max, Ranger, Navara, L200 na pikapu nyingine za ukubwa huo, ziwe za kazi au za kutembelea.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutoa pesa

- Kitabu cha maelekezo cha gari, pamoja na picha ya kibandiko cha upepo kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva
- Futi kamba, chaki, na gundi ya karatasi inayotumiwa na wapaka rangi
- Kipimo cha upepo wa tairi cha kwako mwenyewe
- Jeki na stendi mbili imara
- Spana ya kupima nguvu ya kukaza nati (ya kuazima inatosha)
- Waya wa milimita 2.5 za mraba, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ampia 40, fyuzi na kishikio chake
- Mpira mwembamba wa kufunika viungo vya waya
- Simu yenye kamera, kwa ajili ya kupiga kila kitu picha kabla hakijafunguliwa

## Hatua ya 1: Pima gari lilivyo sasa

Egesha mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sahihi. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Kisha kata usukani hadi mwisho upande mmoja, uingize mkono kati ya tairi na kila kitu kilicho karibu nayo: plastiki ya ndani ya madigadi, bampa, na fremu nyuma ya gurudumu. Fanya hivyo hivyo upande wa pili.

Pale nafasi ilipo ndogo zaidi ndipo tairi kubwa itakapogusa kwanza. Kwenye pikapu nyingi ni nyuma ya gurudumu la mbele, pale bodi inapoishikilia fremu.

Kama upande mmoja umelala kuliko mwingine kwa zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, springi au shokabsoba imechoka. Rekebisha hiyo kwanza. Tairi mpya juu ya springi iliyochoka zitaliwa upande mmoja ndani ya miezi michache, na pesa yako itakuwa imeenda na lami.

Umefaulu ikiwa: una vipimo vinne kwenye karatasi na unajua ni wapi pembamba zaidi.

## Hatua ya 2: Chagua ukubwa wa tairi kwa hesabu

Chukua 265/65R17, inayopatikana kwenye Hilux nyingi za karibuni. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukizidisha na kujumlisha unapata kipenyo cha takriban milimita 776.

Sasa tazama wanazotamani wengi:

- 265/70R17 ina takriban milimita 803, yaani asilimia 3.4 zaidi. Gari linapanda milimita 13 tu, kwa sababu ni nusu ya kipenyo inayoliinua.
- 285/70R17 ina takriban milimita 831, yaani asilimia 7 zaidi.

Asilimia 7 inaonekana ndogo mpaka uiweke barabarani. Mshale ukisoma 50, ambao ndio mwendo wa juu katika maeneo ya makazi, wewe unaweza kuwa unakwenda zaidi ya 53. Gari linaondoka kwa uzito, breki zina kazi kubwa zaidi, na gia inakuwa kama imerefushwa. Hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 ambako hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inalihisi hilo mara moja, hasa ikipanda kutoka Kikuyu kuelekea Limuru na mzigo.

Ushauri wangu: kama hujainua springi, usivuke asilimia 3 hadi 4. Kuanzia hapo unaingia kwenye kukata plastiki na kugonga vyuma, kazi ambayo mafundi huiita ndogo na baadaye haina mwisho.

Soma ubavu wa tairi mwenyewe. Futa vumbi kwa kidole utafute tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2324 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi iliyokaa dukani zaidi ya miaka mitano mimi siinunui, hata ikiwa na meno mapya kabisa, kwa maana mpira huzeeka hata usipotembea. Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo mwambie muuzaji aigeuze.

Kisha tafuta namba ya uzito. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. 116 ni kilo 1,250. 120 ni kilo 1,400. Usishuke chini ya namba ya tairi iliyokuja na gari. Kuna tairi pana za kupendeza zilizoundwa kwa magari ya familia. Ukizifunga kwenye pikapu inayobeba saruji, zitapasuka ubavu.

AT (ya barabara zote), MT (ya matope) au HT (ya lami)? Kama wiki yako nzima ni Mombasa Road na Thika Road, HT inatosha, nayo haina kelele. AT ndiyo inayowafaa wengi: lami siku za kazi, barabara ya changarawe ya shambani wikendi. MT ina meno makubwa yanayonguruma kwenye lami, huishika vibaya ikilowa, na huongeza matumizi ya mafuta. Inafaa tu kama unaishi au kufanya kazi kwenye udongo mweusi wa Kitengela, Ruai au Athi River. Udongo ule ukinyeshewa hujaza nafasi kati ya meno ya AT, na baada ya mizunguko michache tairi inakuwa laini, haishiki chochote. Meno ya MT yana nafasi pana za kuurusha nje.

## Hatua ya 3: Rimu, kama lazima uzibadilishe

Rimu za awali zikiwa nzima, baki nazo. Ukibadilisha, vitu vitatu vikubaliane na gari.

Matundu ya nati. Hilux, D-Max, Ranger na L200 zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7. Navara za matoleo ya D40 na D23 zina sita pia, lakini kwenye duara la milimita 114.3. Kwa macho zinafanana. Haziingiliani.

Tundu la katikati. Hapa ndipo wengi huponzwa. Habu ya Hilux inataka tundu la milimita 106.1, ya Ranger, 93.1. Rimu ya Ranger haiingii kwenye Hilux. Rimu ya Hilux inaingia kwenye Ranger vizuri kabisa, lakini inaelea, inashikiliwa na nati peke yake. Dalili yake ni usukani kutetemeka ukifika 80 au 100, hata ubalansi mara ngapi. Dawa ni pete ya kujazia pengo hilo, yenye vipimo kamili.

Ofseti. Ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, nayo ni namba iliyoandikwa ET. Rimu ya ET30 ikibadilishwa na ya ET0 yenye upana ule ule, gurudumu linatoka nje milimita 30. Sura inavutia, lakini beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, tairi inakuja kugusa madigadi gari likilala, na matope yanarushiwa milango na wapita njia.

Onyo kuhusu nati: rimu nyingi za aloi zilizokuja na Toyota hutumia nati zenye wosha bapa, na rimu za kununua hutumia nati za koni. Kuchanganya ni kuomba gurudumu lichomoke. Nunua nati pamoja na rimu, kwenye duka hilo hilo, uzijaribu kwa mkono kabla ya kulipa.

## Hatua ya 4: Kufunga na kujaribu

Dai valvu mpya, balansi ya magurudumu yote, na alaimenti baada ya kufunga. Nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa kuvuka kama nyota, na mwisho zipimwe kwa spana kulingana na kitabu cha gari. Bunduki ya upepo ikimaliza kazi yenyewe, siku utakapopata pancha barabarani hutazifungua.

Tairi ya akiba iwe ya ukubwa ule ule. Pikapu ya 4x4 yenye tairi moja ndogo, ukiitia 4H (magurudumu yote manne yakivuta), inapigana na gia boksi yake yenyewe. Hakikisha pia akiba hiyo inaingia pale chini ya kitanda. 285 mara nyingi inakataa.

Upepo: anza na kibandiko cha mlangoni, lakini tairi zenye herufi LT (za malori mepesi) huhitaji upepo zaidi kubeba uzito ule ule, kwa hiyo omba jedwali la mtengenezaji. Halafu fanya jaribio la chaki. Chora mstari mnene wa chaki kukatisha tairi, kutoka bega hadi bega, uendeshe mita hamsini hivi moja kwa moja kwenye lami kavu. Shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika kingoni tu, umepungua. Ikifutika sawasawa, andika namba hiyo.

Kisha pakia mzigo. Mifuko kumi ya saruji ni kilo 500, inatosha. Pita polepole juu ya tuta la mtaani usukani ukiwa umekatwa nusu, kulia halafu kushoto, na mtu akiwa nje akisikiliza.

Umefaulu ikiwa: hakuna mkwaruzo na mzigo ukiwemo, na usukani umetulia kwa mwendo wa barabara kuu.

## Hatua ya 5: Amua unachotaka kutoka kwa ekzosi

Pikapu nyingi tunazoendesha ni dizeli zenye tabo. Kwa injini hiyo, kila kizuizi baada ya tabo ni hasara, na bomba la inchi 2.5 hadi 3 linaisaidia kupumua. Lakini bila kurekebisha programu ya injini, nguvu inayoongezeka ni ndogo. Anayekuahidi farasi 40 kwa bomba peke yake anakuuzia sauti.

Mvumo wa kabini unatoka hapa: fundi anaondoa sailensa ya katikati. Dizeli ikiwa safarini huzunguka karibu na 2,000 kwa dakika, na bomba tupu huimba hasa kwenye mzunguko huo. Kwa hiyo acha sailensa ya katikati, ubadilishe ya nyuma kwa ile ya kupitisha moja kwa moja, yenye bomba la matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Unapata sauti nzito ukiondoka, na utulivu ukiwa safarini. Bomba tupu mwanzo hadi mwisho liache kabisa. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinagusa magari pia, na majirani wa saa kumi na moja alfajiri hawahitaji kanuni.

Kichujio cha masizi cha dizeli (DPF) na kile cha kusafisha moshi wa petroli (katalitiki) usiguse. Gari lenye DPF lina vihisi vinavyoliarifu kompyuta. Ukikikata, taa ya injini inawaka na nguvu zinapunguzwa. Katalitiki ina platinamu, paladi na rodi ndani yake, na ndiyo sababu kuna watu watakaojitolea kukutolea bure. Kila kipande cha zamani kinachotolewa kwenye gari lako, kipakie nyuma urudi nacho nyumbani.

## Hatua ya 6: Kuchomelea

Mafundi wa ekzosi wamejaa Kirinyaga Road, Industrial Area na Kariobangi Light Industries. Mchague kwa mishono yake. Omba kuona kazi ya jana: mshono mzuri ni mfululizo, umezunguka bomba lote, pamoja na ule upande wa juu usioonekana gari likiwa chini. Mshono wa madonadona utavuja.

Simama hapo ukahakikishe haya:

1. Waya hasi wa betri umetolewa kabla ya mashine kuwashwa. Kompyuta ya injini na alteneta huungua kwa uzembe huu.
2. Waya wa ardhi wa mashine umebanwa karibu kabisa na mahali panapochomelewa.
3. Bomba linapita mbali na tangi, paipu za breki na tairi ya akiba. Pasipo na nafasi ya vidole vinne, dai bamba la kuzuia joto.
4. Bomba linaning'inia kwenye mipira yake ya awali. Likishikizwa kwa chuma kwenye fremu, mtetemo wote unaingia kabini na mishono inapasuka.
5. Mdomo wa bomba unatokeza nje ya bodi. Ukiishia chini ya kitanda, moshi unarudi ndani kupitia dirisha la nyuma, hasa penye kanopi. Gesi ya kaboni monoksidi iliyo kwenye moshi huo haina harufu, na huua.

Kupima kama kunavuja: injini ikiwa baridi, iwashe, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache, wewe upake maji ya sabuni kwenye mishono. Povu likitokea, mshono urudiwe hapo hapo. Maliza kabla bomba halijapata moto.

Umefaulu ikiwa: hakuna povu, bomba halijagusa chochote ukilitikisa kwa mkono, na mnaweza kuzungumza kawaida kwa mwendo wa 80.

## Hatua ya 7: Taa, ukianza na zile ulizonazo

Kabla ya kununua chochote, tazama vioo vya taa zako. Plastiki iliyogeuka manjano hula mwanga mwingi. Msasa wa maji wa 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi na nta ya kuzuia jua: asubuhi moja ya kazi, na wengine huishia hapo wakiwa wameridhika.

Kosa linalowapofusha watu barabarani ni kuchomeka balbu ya LED kwenye taa iliyoundwa kwa balbu ya kawaida. Kioo cha ndani kilichongwa kikilenga uzi mwembamba ulio mahali maalumu kabisa. LED haikai pale pale, kwa hiyo mwanga unatawanyika: mbele yako karibu panang'aa, mbali hapaonekani, na anayekuja anapofuka. Ukitaka LED, badilisha taa nzima iliyoundwa kwa LED, na iwe ya nchi zinazoendesha kushoto. Taa za Marekani au za bara la Ulaya huinua mwanga wa dimu upande wa kulia, na hapa Kenya huko ndiko anakotokea mwenzako.

Taa ya ziada, ile ndefu ya LED, ifungwe kwenye bampa. Juu ya paa inamulika boneti na kukurudishia mwanga machoni. Kwenye ukungu wa Limuru au Kinungi inakuwa ukuta mweupe. Huko kinachosaidia ni taa za chini, za manjano. Isizibe namba ya gari wala rejeta. Nyeupe na manjano zikae mbele, nyekundu nyuma, na zile za kumetameta za bluu waachie polisi na ambulensi.

Waya. Taa ya wati 120 kwenye volti 12 inavuta ampia 10. Swichi ya dashibodi haifai kubeba hiyo peke yake. Ndiyo kazi ya rilei:

- Pini 30: kutoka betri chanya, kupitia fyuzi ya ampia 15 iliyo karibu kabisa na betri
- Pini 87: kwenda kwenye taa
- Pini 85: ardhini, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi
- Pini 86: kutoka swichi, ambayo nayo inapata umeme wake kwenye waya wa fulu

Huo muunganisho wa mwisho usiukubali uachwe. Ukishusha dimu, taa ya ziada inazimika yenyewe, na hutamchoma mtu macho kwa kusahau. Waya unaopita ukutani kuingia kabini upitie kwenye mpira. Ukipita kwenye tundu tupu la chuma utachubuka, na pikapu nyingi zimeungua hivyo.

## Hatua ya 8: Lenga taa

Tafuta uwanja tambarare wenye ukuta, jioni giza linapoingia. Tangi liwe nusu, dereva awe kitini, kitufe cha kushusha taa kiwe sifuri. Sogeza gari karibu na ukuta, uweke alama za gundi mbele ya kitovu cha kila taa. Rudi nyuma kinyoofu mpaka taa ziwe mita 5 kutoka ukutani, uwashe dimu.

Kata ya juu ya mwanga iwe chini ya alama kwa sentimita 5 hadi 7.5. Kama baada ya tairi mpya taa zako zimevuka mita moja kutoka ardhini, shusha hadi sentimita 7.5 hadi 10. Mwanga uinuke kidogo kuelekea kushoto. Zungusha skrubu ya marekebisho, taa moja kwa wakati, nyingine ukiwa umeifunika kwa koti.

Umefaulu ikiwa: gari dogo likisimama mbele yako kwenye foleni, mwanga unaishia chini ya kioo chake cha nyuma.

## Hatua ya 9: Karatasi na ukaguzi wa baadaye

Iandikie kampuni ya bima ueleze ulichobadilisha, ubaki na jibu lao. Mabadiliko yasiyotajwa huwapa sababu ya kukataa fidia siku ya ajali. Pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na ukifika kituo cha NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) cha Likoni Road na tairi zilizotoka nje ya madigadi au taa zinazotazama angani, utarudishwa. Vipande vya awali viwekee mahali pakavu.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, kaza nati upya kwa spana ya kipimo. Baada ya wiki moja, ingia chini utazame mishono: alama nyeusi ya masizi ni mvujo. Na kila utakapobadilisha springi, kuongeza kanopi au kufunga bampa nzito, rudi ukutani na gundi yako ulenge taa upya.